Muda wa saa nne kando ya maji meupe

Tairi lilipasuka saa tatu asubuhi, na la akiba halikuwa na upepo. Aliyenikodisha gari alikuwa ameapa kwamba kila kitu kiko sawa, na pesa aliyonitoza ilizidi ya hoteli. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Dereva, mzee wa Kiomani aliyeondoka Unguja akiwa mtoto na ambaye Kiswahili chake kinakishinda changu, alipiga simu, kisha akasema, "Tulia, mwanangu. Njoo nikuonyeshe kitu."

Siku mbili za kwanza huku Oman sina la kusema. Nilifika bonde la Wadi Jizzi nikaona lava iliyorundikana kama mito ya kulalia, umbo ambalo lava hupata ikitokea ndani ya maji. Nikapiga picha, nikaondoka.

Mzee alinitelemsha korongoni, mle kwenye milima ya Hajar. Palikuwa na kidimbwi cha buluu iliyofifia, juu yake utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa. "Usiyanywe," akaonya. Nilichovya kidole: maji yaliteleza kama sabuni. Kutoka chini, viputo vidogo vilipanda kimoja baada ya kingine, bila kukoma.

Mawe yote yaliyotuzunguka yalikuwa ya koti la dunia, tabaka ambalo kwa kawaida limefichwa kilomita kadhaa chini ya sakafu ya bahari. Miaka kama milioni 95 iliyopita, kipande cha sakafu changa ya bahari, pamoja na koti lake, kilikataa kuzama. Kilisukumwa kikapanda ukingo wa Arabia, na ndiyo maana kipo. Sakafu nyingine nyingi za bahari zilizama zikamezwa ndani ya dunia. Leo baharini ni nadra kukuta sakafu yenye zaidi ya miaka milioni 200. Anayetaka ya kale zaidi aitafute milimani.

Lakini kusalimika si kubaki vilevile. Mzee aliokota jiwe akaligonga likapasuka: nje kutu, ndani kijani cheusi chenye mng'ao na michirizi kama ngozi ya nyoka. Ndiyo serpentini, na jina lake limetokana na nyoka. Mvua hupenya nyufani, madini ya olivini huyanywa yale maji, jiwe huvimba na kujipasua, na nyufa mpya hukaribisha maji zaidi. Chuma kilichomo hunyang'anya maji oksijeni, haidrojeni ikabaki huru. Vile viputo ndivyo hivyo! Na ule utando ni chokaa: maji yakitoka yamejaa kalisi, na yakigusana na hewa hunyonya kaboni dayoksaidi, chokaa ikaganda. Hata mishipa myeupe iliyokata kuta za korongo ina hewa ya zamani iliyogeuka jiwe.

Nilikuja nikidhani nakwenda kutazama maiti ya bahari. Nimekua nikiitazama bahari kwa juu tu, mawimbi na tanga, na sikuwahi kuuliza chini ya mchanga kuna nini. Pale, mbali na pwani, nilikuwa nimekalia sakafu yake, na ilikuwa inapumua.

Tairi lililetwa saa saba, nikalipishwa tena. Sikubishana. Mzee alikuwa ameshawasha gari, nami bado nimechutama, nahesabu viputo.