Mkono wa kushoto

Jana nilikuwa nasugua choo (zamu yangu, msiulize), nikafungua chupa ya dawa ya klorini, harufu iliponipanda puani tu mdomo ukaachama wenyewe. Wallahi. Nimesimama na brashi mkononi, mdomo wazi kama kinda la ndege. Yule mdogo akapita akauliza, baba unapiga miayo? Nikamwambia ndiyo. Na huo sio uongo wangu wa kwanza kuhusu lile jino.

Lile gego la chini kulia mnalijua, niliwasumbua nalo sana kipindi kile. Liliniuma siku 4, usiku ndo usiseme, nikilala linapwita kana kwamba lina moyo wake, nikikaa linatulia kidogo, kwa hiyo nikawa nalala nimekaa kama mlinzi. Siku ya 5 nikaamka kimya. Hakuna kitu. Nikatangaza nimepona, nikawa mpaka nawapa watu ushauri. Wiki 3 baadaye ufizi ukatoa kijipu na shavu likavimba kama nimeficha yai.

Daktari, mama mmoja mtaratibu wa sauti ya chini, akachukua kipamba chenye baridi kali akakigusisha jino la jirani, nikaruka. Akakihamishia kwenye gego lenyewe. Nikasubiri. Wala. Nikafurahi, nikamwambia unaona daktari, halina neno. Yeye hakufurahi. Akanionesha eksirei, kuna kivuli cheusi pale kwenye ncha ya mzizi, akasema ile siku maumivu yalipokata ndo nyama ya ndani ya jino ilipokufa pamoja na mshipa wake, kilichobaki mle ni uozo na wadudu wanaotafuta pa kutokea. Ama ling'olewe, ama lisafishwe mizizi, ile wanayoita ruti kanali. Mimi nilichosikia hapo ni sindano tu.

Sindano yenyewe tuipite, unachomwa, unakunja uso, baada ya dakika chache nusu ya mdomo na upande wa ulimi sio wako tena. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni ule mpira. Wanachukua kipande cha mpira mwembamba, wanakitoboa tundu moja, wanalibana jino kwa kibanio cha chuma halafu mpira unatandazwa kwenye fremu, mdomo mzima unafunikwa, jino moja tu linachungulia nje kama mtu dirishani. Ni ili mate yasiingie mle ndani na vifaa visikudondokee kooni, sababu nzuri kabisa, ila hapo ndo maneno yako yanapoishia. Kabla hajaufunga akaniambia, "Kaka, ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto, naacha hapo hapo."

Akatoboa. Akaanza kumwagilia ile dawa kwa bomba, harufu ni hii hii ya choo changu, kumbe ni ukoo mmoja, inayeyusha nyama iliyokufa na kuua wadudu. Halafu vikaja vile vijisindano, vyembamba ajabu, vina mikwaruzo kama skrubu, anavizungusha kwa vidole, krr, krr, husikii kwa sikio, unasikia kwenye fuvu. Na pembeni ya mdomo walikuwa wameniwekea kindoano kina waya unaoenda kwenye kimashine, kinapima urefu wa mzizi, kijisindano kikishuka kinalia pii, pii, kikikaribia ncha kinalia haraka haraka. Mfereji wa kwanza, akamwambia msaidizi wake, "21." Milimita hizo. Wa pili, "20 na nusu." Mimi nahesabu taa za dari, ziko 2, nazihesabu tena. Wa tatu kikaanza, pii, pii, piipiipii, na mkono wangu wa kushoto ukapanda.

Hakukuwa na maumivu. Nawaambia nyie leo, hata mama watoto hajui. Nilikuwa nasikia ile sauti tu na nikaona hili sasa ndo linakuja.

Kila kitu kikasimama. Ile barakoa ikanisogelea, macho mawili, taa nyuma yake. "Inauma?" Sasa utasemaje na mpira mdomoni kwamba hapana daktari, haiumi ila naogopa? Kichwa kina ndiyo na hapana, basi. Nikaitikia ndiyo. Akaniangalia sekunde kama tatu hivi, ndefu. Mkono wangu bado uko juu, nimesahau kuushusha, msaidizi ndo akaushika taratibu akaurudisha tumboni kwangu kama anamlaza mtoto. "Tumwongezee ganzi," daktari akasema. Akainua kona ya mpira, akanichoma tena, na nilistahili.

Nikiwa njiani kurudi, midomo imelegea, mate yanachuruzika bila ruhusa, ndo ikanijia: si alishasema limekufa? Baadaye nikaja kujua linaweza kuuma hata hivyo, wakati mwingine mfereji mmoja una mshipa ulio hai bado, na nyama inayouzunguka mzizi ina fahamu zake. Kwa hiyo labda aliniamini. Labda.

Mengine hayana hadithi. Nilirudi baada ya wiki, wakatoa dawa waliyoiacha mle, wakaziba mifereji kwa vijiti vya pinki, gutapacha, utomvu wa mti ule, eksirei nyingine, kwisha. Siku 3 likawa linauma nikitafunia, vidonge vya kawaida vya maumivu vikatosha. Akanisisitiza nirudi kulivisha kofia maana gego likishachimbwa vile linabaki dhaifu, mimi nikajifanya niko bize miezi 4 mpaka kona ikameguka nikiwa natafuna kitu laini kabisa, ndo nikakimbia.

Mwaka jana nilienda kwake kukaguliwa tu. Nikalala kwenye kiti, akavuta taa, akachukua kioo.

"Kaka, mkono wa kushoto unaukumbuka?"

Nikacheka kwa pua, mdomo ulishakuwa wazi. Wake ulikuwa nyuma ya barakoa, macho hayasemi kitu, akaanza na gego la chini kulia.