Mume Anataka Baridi: Kutoka Temeke Hadi Njombe

Mume wangu anakaribia kustaafu, na kwa mtumishi wa serikali hapo swali nyumbani ni moja: tunajenga wapi? Yeye ni Mbena wa Njombe. Mimi mzaliwa wa Kilwa, nimeolewa Temeke, na tangu nipate akili sijawahi kulala na soksi. Kila ikifika Februari, umeme ukakatika usiku na feni ikasimama, mwenzangu hukaa kitako kitandani akijipepea na kipande cha boksi, halafu husema, "Kwetu saa hizi watu wamejifunika blanketi mbili." Analitamka hilo kama mtu anayetaja pepo.

Basi mwezi wa saba alipopata likizo tukapanda basi kwenda kukiona kiwanja ambacho kaka yake alikuwa amekipata.

Stendi ya Magufuli pale Mbezi tulifika gizani. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa anashuka Makambako, ana koti zito amelikunja mapajani na kofia ya sufu juu yake. Akaniangalia dera langu na mtandio wangu mwepesi. "Mama, unakwenda wapi?" Nikamjibu Njombe. "Mwezi wa saba?" Akacheka, akageukia dirishani, na kila alipokumbuka akacheka tena mpaka Chalinze.

Hadi Morogoro sina cha kusimulia, njia ni ileile ya misiba na harusi. Uluguru ilikuwa imejifunika wingu. Mikumi barabara inakata hifadhi katikati kwa kilomita kama 50, basi likapunguza mwendo, tukapita kibao kinachotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, nyani wakatuangalia, tukatoka.

Utamu ulianzia Ruaha Mbuyuni. Watu wengi wa Dar wanadhani ukishaondoka pwani ni kupanda tu na kupoa. Si kweli, barabara inashuka kwanza kwenye bonde la mto Ruaha, na lile bonde ni tanuri. Mibuyu imesimama pande zote, mashamba ya vitunguu yanamwagiliwa maji ya mto, na joto la saa saba mchana linakuingia puani hata Julai. Wachuuzi walilizunguka basi na vitunguu kwenye nyavu nyekundu na maji ya baridi kwenye ndoo. Nikayaangalia yale maji kwa jicho la biashara, maana mimi nyumbani nauza barafu, juisi ya ukwaju na ya ubuyu. Mtu anayeuza maji ya baridi Ruaha Mbuyuni halali njaa. Nikamgusa mume wangu, aliyekuwa amefungua vifungo vya shati mpaka kifuani: "Baba watoto, si tununue hapa hapa?" Hakucheka.

Halafu Kitonga. Nani asiyeijua Kitonga? Mlima umekatwa ubavuni, malori ya Zambia na Kongo yanapanda moja nyuma ya jingine kwa mwendo wa mgonjwa, kondakta mwenyewe ananyamaza. Wenzangu walikuwa wanaangalia korongo chini, mimi nilikuwa naangalia madirisha. Mwanzo wa mlima yote yalikuwa wazi na pazia zinapepea nje. Kona chache, kijana wa mbele akasukuma kioo nusu. Kona nyingine, wawili wakafunga. Tulipofika juu, hakuna aliyetoa amri, lakini basi zima lilikuwa limejifunga, na mtoto mmoja kiti cha nyuma alikuwa anamwomba mama yake sweta.

Hesabu yake si ngumu. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua nyuzi 6 hivi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku ileile, saa ileile, unategemea kuikuta na nyuzi kama 12 pungufu ya Dar. Darasani hiyo ni hesabu tu, kwenye basi ni meno kugongana.

Ilula tulinunua nyanya. Iringa tulipita juu kwa juu. Mafinga, misonobari ya shamba la Sao Hill ilipoanza kujipanga pande zote na marundo ya mbao barabarani, yule mama akavaa koti lake taratibu, kifungo kwa kifungo, akahakikisha nimeona. Makambako kuna upepo ambao hauna adabu. Malori yananyoosha kwenda Mbeya na Tunduma, sisi tukakata kushoto barabara ya Songea. Alipokuwa anashuka akaniachia wosia: "Koti nunua stendi, mtumba. Dukani watakukamua."

Njombe tulishuka jua limeshazama, na kila aliyekuwa anaongea alikuwa anatoa moshi mdomoni. Makoti yalikuwa yamerundikwa juu ya maturubai pale stendi, taa za betri zinamulika, watu wanachambua. Nikapata la kijivu lenye bitana nene, nikapatana, nikalivaa palepale. Mume wangu alikataa, eti yeye mwenyeji. Alivuka stendi nzima na shati la mikono mifupi. Dakika kumi baadaye, kwenye bajaji, akaomba tushee koti langu.

Nyumbani kwao hawakutupokea sebuleni, tuliingizwa jikoni. Ni jiko la nje, matofali ya kuchoma, moto katikati, vigoda vimezunguka. "Kamwene," akasema mama mkwe, nami nikaitikia "kamwene" kisha nikampa shikamoo yake. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaisogeza kwenye moto kabla hajauliza habari za safari. Tulikula pale, tukaongea pale, watoto wakasinzia pale. Sebule ina makochi mazuri yenye vitambaa, sikumwona mtu amekalia hata siku moja.

Hilo lilinipa kazi ya kufikiri. Temeke saa mbili usiku ndiyo kwanza mtaa unaamka. Supu ya pweza inachemka kona, watu wanakaanga chipsi, wazee barazani, wanawake tumeketi nje tunasukana na kusengenya kwa sababu ndani hakukaliki. Joto ndilo linalotutoa nje, na tukishatoka ndipo tunapojuana. Njombe saa hiyohiyo njia nyeupe. Kila ukoo umejikusanya kwenye moto wake. Ukiwa na ukoo wako, hakuna raha kuliko hiyo. Mimi ningekuwa mgeni kwenye moto wa watu, na jirani nisiyemjua ningeonana naye saa ngapi?

Lakini usiku ule nililala, siwezi kuwanyima haki yao. Hakuna feni, hakuna mlio wa mbu sikioni, hakuna kugeuza mto kutafuta upande wa baridi. Blanketi zilikuwa nzito mpaka kujigeuza ni kazi. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na mtu aliyelea watoto Temeke anajua hilo lina thamani gani. Harara hakuna. Mboga ya jana asubuhi bado imesimama, wakati mchicha wa Dar ukiuweka mezani saa mbili tu umeshakata tamaa. Wifi yangu hana friji na wala haoni anachokosa.

Asubuhi nikatafuta mafuta yangu ya nazi. Chupa ileile niliyofunga Temeke yakiwa yanacheza, sasa nikiipindua hakuna kinachotoka. Mafuta ya nazi yakishapata ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na haya yalikuwa magumu kama mshumaa, meupe. Midomo imeanza kupasuka, ngozi imekauka inachora, na dawa imo ndani ya chupa haitoki. Nikaenda nayo jikoni kuiweka kando ya moto, na ndipo nilipoona kitu ambacho mume wangu hajawahi kunisimulia miaka yote hiyo.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Wifi yangu alikuwa ameshawasha moto, sufuria kubwa ya maji ya kuoga iko juu, vidole amevikunja kwenye kwapa, anasubiri ichemke. Pembeni kuna maharage aliyoyaloweka tangu jana. "Usipoyaloweka, wifi, utapika mpaka mchana," akaniambia. Na ana haki. Kule juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanaishia kwenye 93 au 94, kwa hiyo sufuria inatokota kwa kelele zote lakini maharage hayana habari. Muda ukiongezeka, kuni zinaongezeka. Na kuni zinabebwa.

Saa moja mume wangu akaamka, akakuta maji moto kwenye ndoo, chai mezani, moto unawaka. Akajinyoosha mlangoni, akavuta ile hewa, akasema, "Unaona? Baridi ya huku inampa mtu nguvu."

Baridi gani aliyoiona? Yake ilikuwa imeshaondolewa na dada yake saa mbili kabla. Joto la Dar tunalala nalo kitanda kimoja, likinitoa jasho mimi na yeye linamtoa. Baridi inagawiwa. Kuna anayeamka kuifukuza na kuna anayekuja kuisifia ikishaondoka. Nilipoanza kufua, siku hiyo ukungu haukuinuka mpaka mchana, vidole vilikufa ganzi ndani ya beseni, na jinzi yake nilianika leo nikaanua kesho, bado mfukoni mbichi.

Kiwanja chenyewe kizuri, nitakuwa mwongo nikikitia kasoro. Udongo mwekundu, jirani ana parachichi, ng'ambo kuna miti ya miwati, na ukisimama juu unaona vilima mpaka macho yachoke. Shemeji alikuwa anatuonyesha mipaka: hapa sebule, pale banda la ng'ombe. Mimi nikawa nauliza ya kwangu. Maji yanatoka wapi? Kuni za kununua au za kukata? Jiko litakuwa ndani au nje? Wakaangaliana.

Fundi aliyekuwa anajenga jirani ndiye aliyenijibu kama mtu mzima. Akasema watu wa Dar wakija kujenga Njombe wanaleta ramani ya Dar: madirisha makubwa kila upande, matundu ya hewa juu ya ukuta, bati bila dari. Nyumba ya pwani inajengwa ili upepo upite, kusi iingie huku na kaskazi kule. Huku unajenga ili joto lisitoke. Dari lazima. Madirisha makubwa yaangalie kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai jua hupitia upande huo, upande wa kusini weka madogo. Na kama unataka moto ndani ya nyumba, jenga bomba la moshi, usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Hapo hakuwa anatania. Ile hewa ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi kuna watu wanalala nayo hawaamki.

Nilibaki na suala la riziki. Barafu yangu nitamuuzia nani? Nilikwenda stendi nikakaa kwa dada mmoja anayeuza chai ya maziwa na maandazi, foleni haikatiki. Anasema Juni na Julai ndiyo miezi yake ya mavuno, mvua zikianza na baridi ikalegea wateja wanapungua. Mimi yangu ni Desemba mpaka Machi. Nikahesabu kichwani: friza nitauza, nitanunua masufuria makubwa mawili na thamosi. Inawezekana. Sikumwambia mume wangu kwamba nimehesabu.

Tuliporudi Temeke ilikuwa bado Julai, na Dar ya Julai inadanganya. Kusi inavuma, usiku unashuka mpaka nyuzi 18 au 19, unalala na kanga moja tu kifuani na dirisha wazi. Ningekuwa mwanamke mjanja ningemaliza kesi palepale: umeona kwenu, umeona kwangu, chagua. Lakini huo ungekuwa wizi. Nimeipima Njombe katika mwezi wake mkali na nimeilinganisha na Dar katika mwezi wake wa asali. Haki ni kwenda Februari, Dar inapochemka usiku na mchana na Njombe iko kwenye mvua zake, nione tope lao, nione kama kuni zinawaka zikiwa mbichi, kisha ndiyo nizungumze.

Nikamwambia hivyo, na nikampa masharti yangu matatu ya kukubali kujenga. La kwanza, jiko liwe ndani na bomba la moshi. La pili, madirisha kama alivyosema fundi, si kama anavyotaka shemeji. La tatu, wa kuamka saa kumi na moja kuwasha moto ni yeye, mwaka mzima, maana si ndiye anayepewa nguvu na baridi?

Mawili ya kwanza aliyakubali hata kabla chai haijapoa. La tatu anasema anataka kwanza aongee na dada yake. Tiketi za Februari sikati mpaka nipate jibu.