Mpangilio wa maktaba katika amri ya kuunganisha

Jana usiku, nikiwa nyumbani South B, nilihangaika kwa muda mrefu na programu ndogo ya lugha ya C ambayo kompaila iliikubali bila lalamiko lolote, lakini kiunganishi (linker, yaani kinachounganisha vipande vilivyokwisha kutafsiriwa na kompaila kuwa programu moja) kikaikataa kwa ujumbe «undefined reference», maana yake ni kwamba kuna jina lililoitwa ambalo mwili wake haukupatikana popote. Maktaba yenyewe, yaani faili libhesabu.a yenye msimbo uliokwisha kutafsiriwa, ilikuwapo mahali pake, na amri ya nm, inayoorodhesha majina yaliyomo ndani ya faili kama hiyo, ilinionyesha jina hilo ndani yake waziwazi.

Kosa lilikuwa katika mpangilio. Nilikuwa nimeandika gcc -L. -lhesabu kuu.o (kuu.o ni programu yangu iliyokwisha kutafsiriwa, -lhesabu ni kuitaja maktaba ya libhesabu, na -L. ni kuagiza itafutwe katika folda hii hii), ilhali kiunganishi cha GNU husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kinapoifikia maktaba tuli (ya .a, ambayo vipande vyake hunakiliwa ndani ya programu) huchukua humo vipande vile tu ambavyo tayari vimehitajika, kisha huendelea mbele bila kurudi nyuma. Nilipoandika gcc kuu.o -L. -lhesabu, programu iliundwa mara moja. Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko yote kwa anayeanza, kwa sababu ujumbe wa kosa haugusii mpangilio hata kidogo.

Iwapo msimbo wako ni wa C++ na maktaba ni ya C, kagua pia kama matangazo ya kazi za maktaba hiyo yamewekwa ndani ya extern "C", inayoiambia kompaila ya C++ itumie majina kama C inavyoyaandika. Na programu ikishaundwa lakini ikakataa kuanza kwa kukosa faili ya .so (maktaba inayopakiwa programu inapoanza), amri ya ldd itakuonyesha ni maktaba gani haijapatikana.