Dume mkubwa na kope nyeupe

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia kondoo, huwashika mmoja mmoja kichwa na kuwafunua kope ya chini. Ndani kukiwa kwekundu, namwachia. Kukiwa kumepauka, najua minyoo ya tumbo inamnyonya damu. Tabia hii niliipata kwa hasara.

Nilinunua dume wa Dorper mwenye mgongo mpana. Aina hiyo ilizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kisomali wenye vichwa vyeusi, na kwa nyama sina neno nao, wanakua haraka. Nikauza madume wetu wote wekundu wa Kimaasai. Mvua zilipokolea na majani kulala na umande, wanakondoo machotara wakaanza kuvimba chini ya taya. Kope nyeupe kabisa. Nilizika saba. Wana wa majike wachache wekundu, waliokuwa wameshapata mimba kabla madume hayajauzwa, waliendelea kunyonya na kurukaruka. Ukoo wao unaihimili minyoo ile, na mnunuzi anayepapasa mgongo wa mnyama hawezi kuigusa sifa hiyo.

Sasa dume namchagua kwa kumtazama mama yake: amelea mwana kiangazi kikali? Kope yake ilikuwaje masika? Na dume hakai kwangu zaidi ya miaka miwili, asije akawapanda binti zake.

Halafu kuna mgunga. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na mtoto hukua zaidi ile miwili ya mwisho. Kwa hiyo madume nawafunga ngozi tumboni wasipande ovyo, naifungua nikiwa nimehesabu majike wazae majani yanapochipua. Maana yake mimba inakomaa wakati wa ukame, nyasi zimekwisha. Hapo ndipo maganda ya mgunga yanapodondoka, na ndiyo yanayowabeba majike wangu. Nayakusanya kwenye magunia na kuyatwanga, kwa kuwa mbegu ni ngumu, nzima hupita tumboni bila kusagika. Mbuzi nawaacha wale chini ya mti wenyewe. Mbegu zinazotoka na kinyesi chao zimeshaniotea miche nyuma ya zizi.

Ndiyo maana nikisikia shoka kwenye mgunga hai, naumia kama aliyechinjiwa jike mwenye mimba. Wiki iliyopita nilikwenda kumwomba jirani akate matawi makavu tu. Alikubali. Jioni nikaizungushia ile miche miiba.