Durban, juu ya matuta ya mchanga

Anayekwenda Durban kucheza gofu aanze kupiga hesabu za gharama akiwa bado Dar es Salaam. Mashirika mengi ya ndege huuhesabu mfuko wa fimbo kuwa mzigo wa michezo, na bei hubadilika ukishaunganisha Johannesburg na kupanda ndege ya kampuni nyingine. Nilitozwa mara mbili kwa mfuko uleule. Ulizia uzito na urefu unaoruhusiwa kabla ya kukata tiketi, na upate jibu kwa maandishi. Kukodi fimbo hukohuko kunapunguza adha ya uwanja wa ndege, lakini seti za kukodi huwa na mipini migumu ya chuma, nayo humsumbua mtu asiyepiga kwa nguvu. Kutoka uwanja wa ndege wa King Shaka hadi mjini ni kama kilomita 35, na teksi inajua kwamba mwenye fimbo hana njia nyingine.

Durban Country Club ni klabu ya wanachama. Mgeni hupita kwa utaratibu: katibu wa klabu ya nyumbani anaandika barua, unabeba uthibitisho wa handikapu, yaani kiwango chako cha mchezo, unaomba muda wa kuanza mapema. Vaa shati lenye kola na viatu vya meno laini. Suruali ya jinzi iache hotelini.

Uwanja huu ulizaliwa na maji. Mwaka 1919 mashindano ya wazi ya Afrika Kusini yalichezwa Royal Durban, uwanja uliomo katikati ya njia ya mbio za farasi ya Greyville, mahali pa chini na tambarare. Mvua ilituamisha maji, mchezo ukaharibika, na watu wa gofu mjini wakaona jiji linaweza kupoteza mashindano hayo moja kwa moja. Wakatafuta ardhi inayokunywa maji. Waliipata kwenye matuta ya mchanga kandokando ya Bahari ya Hindi, karibu na mdomo wa mto Umgeni. Laurie Waters na George Waterman waliuchora uwanja, ukafunguliwa mwaka 1922. Matuta hawakuyasawazisha. Njia za kuchezea walizipitisha mabondeni, na sehemu za kuanzia wakaziweka juu ya vilele. Na kwa kuwa mchanga hunywa maji, leo mvua kubwa ikikatika asubuhi, mchana unacheza pakavu.

Ubora wa mahali hapa, kwangu mimi, umo katika mteremko. Ni nadra mno miguu miwili kusimama usawa mmoja. Mpira ukiwa juu kuliko miguu, kwa mtu wa mkono wa kulia utakwenda kushoto: shika fimbo chini kidogo na lenga kulia. Ukiwa chini ya miguu utakimbilia kulia, nawe lazima ukunje magoti na ubaki umeyakunja hadi umalize. Ukipiga ukielekea mlimani mpira hupaa sana na kufika karibu, kwa hiyo chukua fimbo ndefu zaidi. Mabega yafuate mteremko, yasishindane nao. Wageni wengi huyajua haya kwa kusoma, ila wamezoea viwanja vya tambarare, na mwili hukataa.

Shimo la 2, pari 3 (yaani linatarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu) ya mita zipatazo 170, linaanzia juu, bahari ikiwa upande mmoja. La 3 ndilo linalosifiwa dunia nzima: pari 5 ya takriban mita 470, unapiga kutoka kilele cha tuta kuingia bonde jembamba, kichaka kizito upande wa kushoto na matuta kulia. Bonde lenyewe limejaa mawimbi ya mchanga uliofunikwa nyasi. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, mzee wa Kizulu niliyemwita baba muda wote, alinirudishia draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia, mfukoni bila kuuliza na kunipa fimbo fupi zaidi. Alikuwa na hoja: kichaka cha kushoto ni migomba-pori na miti ya pwani iliyosukana, mpira ukiingia haurudi, na tumbili wakiwa humo huna hamu ya kuutafuta.

Mashimo kadhaa nayapita, maana yote niliyotaka kuyasema yapo kwenye la 12.

Kwanza upepo. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi kupokezana kwa misimu. Mvuvi anajua mwezi gani atatweka kuelekea wapi. Durban nayo ina pepo mbili, za kaskazini-mashariki na za kusini-magharibi, lakini hizi hupokezana ndani ya siku chache, pengine ndani ya saa moja. Upepo wa kaskazini-mashariki hujijenga mchana taratibu, wenye joto. Kisha hewa ya baridi inapanda kutoka kusini kufuata pwani, kunatulia ghafla, na kabla hujamaliza kushangaa utulivu ule, upepo wa kusini-magharibi umefika na mawingu yake. Tulikuwa tumekaribia shimo la 12 ulipogeuka. Bendera ya shimo ililegea, ikaning'inia, ikasimama upande wa pili. Baba alitazama vilele vya miti nyuma yetu, wala hakuitazama bendera.

Shimo lenyewe ni fupi, kama mita 140. Grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye tundu, imekaa juu ya kilele cha tuta kama sahani iliyopinduliwa, na kuta zake za nyasi zinashuka kwa ukali pande zote mbili. Ukikosa kulia, mpira unaporomoka hadi chini. Ukiupandisha kwa nguvu kutoka huko unavuka grini na kuporomoka kushoto. Mwanamfalme wa Wales, aliyezuru Afrika Kusini mwaka 1925, ndiye aliyeachia shimo hili jina, na masimulizi yanasema alivuka huku na huko hadi mikwaju ikapita kumi.

Hesabu ya upepo inayotumika na wengi ni hii: upepo wa mbele wa kilomita 16 kwa saa hula karibu asilimia 10 ya umbali, na wa nyuma wa kasi hiyo huongeza nusu yake tu. Kwa mita 140 ni tofauti ya fimbo moja na nusu ukiukabili, chini ya fimbo moja ukikusukuma. Upepo wa ubavuni ndio mbaya zaidi hapa, kwa kuwa grini ni nyembamba na pembeni hakuna kinachouzuia mpira. Baba alitaka mkwaju wa chini: fimbo ndefu kwa ukubwa mmoja, mpira usogezwe nyuma kidogo kuelekea mguu wa kulia, mikono ifike robo tatu tu. Wengi hupiga kwa nguvu dhidi ya upepo, mpira unazunguka kurudi nyuma zaidi, unapanda, na upepo unaubeba unavyotaka. Na ukishakosa, usitafute bendera: lenga katikati ya grini, kubali mikwaju miwili ya kuingiza, uondoke na mikwaju 4.

Jengo la klabu ni jeupe, la mtindo wa Kiholanzi wa Rasi (Cape). Nilisimama nje yake kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Mwaka 1963 Sewsunker "Papwa" Sewgolum, Mhindi wa Durban aliyejifunza gofu akiwa kedi katika klabu ya Beachwood, alishinda hapa mashindano ya wazi ya jimbo la Natal. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani. Alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha, wazungu aliowashinda wakiwa ndani. Mwaka 1965 alishinda tena, akimwacha nyuma Gary Player, bingwa mkubwa wa Afrika Kusini. Baadaye serikali ikamfungia mashindano. Mtu huyu alikuwa ameshachukua mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu, 1959, 1960 na 1964, akishika fimbo kinyume na wote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Ukiutembea uwanja huu kwa miguu ndipo unapopima alichokifanya: matuta haya, pepo hizi, kisha mlango umefungwa.

Shimo la 18 lina kama mita 250 tu, pari 4, na wenye nguvu hulenga grini kwa mkwaju wa kwanza. Upande wa kulia ardhi inashuka mbali. Ernie Els, Mwafrika Kusini, alishinda hapa mashindano ya wazi ya nchi yake mwaka 2010, kwa mkwaju mmoja.

Mombasa tuna mashimo tisa juu ya miamba ya bahari tangu 1911, yenye upepo na chumvi ileile, na ni wachache kati yetu tunaoyapangia safari. Durban wenye bajeti ndogo waulizie uwanja wa manispaa wa Papwa Sewgolum, kule Reservoir Hills kando ya Umgeni. Bonde lile huwa na maji mto ukijaa, kwa hiyo piga simu asubuhi ya siku yenyewe kabla ya kukodi teksi.