Muda Kati ya Hasira na Mkono

Watu wa karibu nami husema kwamba hasira zangu huja ghafla, na kwa miaka mingi nilikubali maelezo hayo kwa sababu yalinipa udhuru: jambo lijalo ghafla nani awezaye kulizuia? Sasa siyaamini tena. Kabla sauti yangu haijapanda, mwili huwa umekwisha kutoa taarifa. Taya hukaza, masikio hupata moto, vidole vya mkono wa kulia hujikunja, na kila anayezungumza nami huonekana kuwa anavuta maneno kwa makusudi ili anichokoze. Taarifa hiyo ni fupi mno, lakini ipo, na karibu kila kitu kilichonisaidia kimenisaidia kwa kuirefusha kidogo.

Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na ninaishi Ujiji pamoja na mume wangu na watoto wetu. Ualimu una hatari yake kwa mtu wa aina yangu, kwa kuwa humpa mwenye hasira mamlaka, wadogo wasioweza kumjibu, na fimbo iliyo jirani. Mwezi Agosti mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja kunyongwa kwa kosa la mauaji. Katika ofisi ya walimu wengi walimzungumzia mwalimu yule kama kiumbe asiyefanana nasi hata kidogo. Sikuchangia mazungumzo yale, maana niliijua hali ya kushika fimbo ilhali hesabu ya viboko imekwisha kupotea kichwani.

Walimu wenzangu wengi huzitaja kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 kama kikwazo cha nidhamu. Kanuni hizo zinaagiza kwamba viboko visizidi vinne, kwamba mwenye kuvitoa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kwamba kila adhabu iandikwe katika daftari lake. Nilipozisoma upya nikiwa na shida yangu moyoni, nilichokiona humo ni muda. Mwalimu anayezifuata hana budi kutoka darasani, kwenda ofisini, kueleza kosa, kungoja jibu na kuandika. Na mwenye kufanya yote hayo kwa uaminifu mara nyingi hukuta kwamba hamu ya kupiga imemwishia njiani. (Sijadili hapa iwapo viboko vinafaa shuleni. Nina maoni yangu, na hayapendwi ofisini kwetu.) Nilimwomba mkuu wa shule asiniidhinishe kabisa. Alicheka, kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka.

Darasani sina ofisi ya kukimbilia, kwa hiyo ninatumia kiti. Mjomba wangu, aliyetufundisha madrasa tukiwa wadogo, alizoea kutukumbusha mafundisho ya Mtume kwamba mwenye kukasirika akiwa amesimama aketi, na hasira zisipomwondoka ajilaze. Tulilihesabu kuwa jambo la adabu tu. Leo naona lina akili kubwa kuhusu mwili, kwa sababu mtu aliyesimama yuko tayari kusogea na kupiga, ilhali aliyeketi lazima kwanza ainuke. Ninapoketi huvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole, nikihakikisha kwamba muda wa kutoa unauzidi ule wa kuvuta, kwa kuwa pumzi inayotolewa taratibu huusaidia moyo kupunguza mapigo. Adrenalini, yaani homoni inayouandaa mwili kupambana, ikiisha kumwagika katika damu haitii amri ya mtu, nayo huhitaji dakika zake hadi ipungue. Lililo katika uwezo wangu ni kutofanya uamuzi wowote dakika hizo zikiwa hazijapita. Wanafunzi wameizoea ishara. Mwalimu akivuta kiti katikati ya somo, hata wale wa dawati la nyuma hufungua madaftari.

Lipo shauri moja nililopewa na watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, ambalo lilinipotezea muda mrefu: kwamba hasira zitolewe zisije zikamdhuru mtu ndani kwa ndani. Wengine waliniambia nipige mto, wengine nipige kelele nikiwa peke yangu ufukweni, na daktari mmoja rafiki wa familia alinishauri nikimbie. Nikawa ninakimbia asubuhi barabara ya kuelekea Bangwe, ziwa likiwa pembeni, na njia nzima nilikuwa nikigombana kimoyomoyo na mtu aliyeniudhi jana, nikimjibu vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu alipokuwa mbele yangu. Nilirudi nyumbani nimeloa jasho na nina ghadhabu kuliko nilivyotoka. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman aliwapa watu waliokasirishwa nafasi ya kupiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na watu hao wakazidi kukasirika, ilhali waliokaa bila kufanya lolote walitulia zaidi. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walichapisha uchambuzi wa tafiti 154, wakaonyesha kwamba yanayopunguza hasira ni yale yanayoutuliza mwili, na kwamba kukimbia hakumo miongoni mwake. Mbio ni nzuri kwa moyo na ninaendelea nazo, ila siziendi tena nikiwa na mtu kichwani.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, kwa sababu huko hakuna kengele wala mkuu wa shule. Mume wangu ni mtu mpole, na kwa upole wake alikuwa akiniambia, “Tulia, mama watoto,” jambo ambalo lilifanya kazi ileile ya maji yaliyomwagwa juu ya mawese yaliyoshika moto. Siku moja tukiwa na amani tulikubaliana kwamba neno hilo lisitumike tena. Sasa huniuliza, “Umekula?” na inashangaza mara ngapi jibu ni hapana, hasa baada ya vipindi vya mchana mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali na mvua hazijashika. Tulikubaliana pia kwamba nikitaka kutoka nje niseme natoka na nitarudi. Kabla ya hapo nilikuwa nikiondoka kimya, nikidhani ninawakinga watoto, kumbe walibaki wakijiuliza kama nimewaacha. Na ninaporudi na kuomba radhi, radhi hiyo haina neno “lakini” ndani yake. Hilo bado linanishinda kuliko pumzi na kiti.

Methali ya hasira hasara nimeisikia tangu utotoni, na siipingi, ila huwa inanifikia hasara ikiwa imekwisha patikana. Kilichonisaidia zaidi ya methali ni kwenda hospitali, ingawa nilichelewa kwa kuogopa kuitwa mwenda wazimu. Mhudumu aliyenisikiliza hakuanza na nasaha. Aliuliza kuhusu usingizi, akapima shinikizo la damu, akauliza kama nimewahi kuumia kichwa au kuanguka kifafa, na kama nina huzuni ya muda mrefu, kwa maelezo kwamba sonona kwa baadhi ya watu hujitokeza kwa sura ya ukali badala ya machozi. Akanieleza kuwa hasira za kulipuka zisizolingana na sababu zake, zinapojirudia, ni hali inayojulikana kitabibu, inayotibika kwa ushauri unaomfundisha mtu kuzihoji fikra zake, na kwa wengine kwa dawa. Mimi sijapewa dawa. Nimepewa kazi ya kuandika, kila nilipolipuka, ni wazo gani lililotangulia, na wazo hilo karibu siku zote ni lilelile: kwamba nimedharauliwa. Mwanafunzi aliyesahau rula hakunidharau. Wifi aliyechelewa kurudisha sufuria, hilo bado ninalitafakari.

Simu ndiyo sijaipatia dawa. Katika kundi la ujumbe la ukoo, maneno yangu hufika kwa shangazi Kasulu na kwa binamu Dar es Salaam kabla taya halijalegea, na ujumbe uliokwisha kusomwa na wazee hata ukifutwa hausaidii kitu. Kwa sasa ninajibu kwanza kwenye daftari, kwa kalamu, kisha ninaliacha hadi baada ya swala ya alfajiri ndipo niamue kama nitume. Wiki iliyopita niliandika kurasa mbili kuhusu mchango wa harusi ya mpwa wangu, na asubuhi nilituma mchango tu.