Kumtafutia Faustina makazi

Dinari niliyoinunua, sarafu ya Roma ya kale ya madini ya fedha, ni ya Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius. Mama huyu alifariki karibu mwaka 140, Seneti ikamtangaza kuwa mungu, na sarafu zenye sura yake zikaendelea kugongwa kwa miaka mingi baada ya mazishi. Ndiyo maana zimebaki nyingi, na anayeanza kukusanya anaweza kuambulia moja nzuri. Upande mmoja yuko yeye, nywele zimesukwa zikazungushwa utosini, pembeni maandishi DIVA FAVSTINA. Upande wa pili amesimama Ceres, mungu wa kike wa nafaka, na mwenge mkononi. Uso wa Ceres umelika kabisa. Wa Faustina uko kamili, tena pua ina majivuno kidogo.

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia, na kazi hiyo imeniachia tabia moja: siwezi kuweka kitu rafuni kabla sijauliza kimeundwa kwa kitu gani, na jirani zake wanatoa hewa gani. Faustina naye hakusalimika.

Tuanze na mwili wake. Dinari za wakati wa Pius si fedha tupu. Fedha ni kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Mafundi wa Roma waliviandaa vipande kabla ya kuvigonga kwa namna iliyoondoa shaba ya juujuu, hivyo uso wa sarafu una fedha nyingi kuliko tumbo lake. Ngozi hiyo ni nyembamba. Anayeisugua kwa dawa ya meno, kwa magadi au kwa kitambaa cha kung'arishia vito anakwangua hiyo ngozi yenyewe, na hakuna wa kuirudisha. Dawa za kuchovya ndizo nisizozipenda zaidi. Nyingi zina asidi na kemikali iitwayo thiourea. Weusi unaondoka kweli, lakini sarafu inatoka na weupe uliokufa ambao mkusanyaji mzoefu huutambua akiwa mbali, na bei inashuka papo hapo. Isitoshe, ule weusi wa zamani uliojikalia kwenye mikunjo ya vazi la Ceres ndio unaofanya mikunjo ionekane. Nimeuacha.

Kinachowashangaza wageni wa mambo haya ni kwamba fedha ya kale huvunjika. Fedha mpya ukiipiga inabonyea tu. Iliyolala udongoni karne nyingi ni habari nyingine: shaba iliyomo hujitenga polepole na kujikusanya kwenye mipaka ya chembe za metali, kisha unyevu na chumvi za ardhini zinapita humo humo zikila. Kwa nje unaona sarafu imara, kumbe ndani imejaa nyufa. Ikidondoka kwenye sakafu ngumu inaweza kukatika vipande viwili. Kwa hiyo naishika nikiwa nimeketi, juu ya meza iliyotandikwa taulo, vidole viwili ukingoni. Glavu za pamba situmii. Zinateleza, na nyuzi zake hunasa kwenye ukingo usio sawa. Nanawa kwa sabuni, nakausha mikono vizuri, yatosha. Na kama sarafu yako imepinda, iache ipinde.

Sasa makazi. Ilifika kwenye kifuko laini cha plastiki, chenye ile harufu ya pazia jipya la bafu. Harufu hiyo pekee ilinitosha kushuku PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, lakini fundi hashuku tu, anapima. Kuna kipimo cha tangu 1872 cha mwanakemia Friedrich Beilstein: unachoma waya wa shaba mpaka moto wake usiwe na rangi, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, ujue kuna klorini au ndugu zake. Wangu uligeuka kijani cha kupendeza sana. (Usijaribu jikoni. Moshi wake una sumu. Mimi nilitumia chembe ndogo ndani ya kabati la kuvuta hewa.)

Ubaya wa PVC laini ni kwamba haitulii. Vilainishi vilivyochanganywa humo hutoka taratibu na kutapakaa juu ya sarafu, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi inaifuata shaba, na matokeo yake ni utando wa kijani unaonata. Vifuko hivyo vinafaa kwa safari ya posta, havifai kwa kuishi. Ukikuta utando huo bado mchanga, loweka sarafu katika asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali kabisa na moto, kisha iache ikauke yenyewe bila kufutwa. Nasema asetoni safi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina manukato na mafuta, utakuwa umebadilisha uchafu kwa uchafu.

Faustina sasa anakaa kwenye kifuko cha poliyesta, aina ya Mylar. Ni kigumu, kinakwaruza vidole, na kinapasuka kwenye mshono ukikifungua mara kwa mara. Pia kinaweza kukwaruza sarafu ukiisukuma kwa nguvu, hivyo napanua mdomo wake na kuiachia iteleze yenyewe. Sikipendi, ila nakiamini.

Baada ya kifuko ni majirani, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Adui wa fedha ni salfa. Haidrojeni salfaidi kidogo tu hewani inatosha kuigeuza manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Inatoka wapi? Kwenye raba za kufungia karatasi, kwenye sufu, kwenye feliti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa), kwenye baadhi ya makaratasi magumu ya maboksi. Nilikuwa nimeipenda trei moja yenye feliti nyekundu. Kabla ya kuikabidhi Faustina nilikata kona yake nikaifanyia kipimo cha Oddy, kilichobuniwa na Andrew Oddy wa British Museum na kuchapishwa mwaka 1973: kitu unachokichunguza kinafungiwa ndani ya chupa pamoja na maji kidogo na vipande safi vya fedha, shaba na risasi, kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Kipande changu cha fedha kilitoka na madoa ya kahawia. Feliti ikarudi dukani kwa heshima zote, bila kona moja.

Mbao nazo hupumua. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaotesa hasa risasi na shaba. Ndiyo sababu mojawapo ya kabati za sarafu za Ulaya kupendelea mahogani. Mimi nina sanduku la chuma na kipakiti cha jeli ya silika, ile inayobadilika rangi ikishiba maji. Naiangalia nikikumbuka. Kwa fedha unyevu si balaa kama kwa shaba nyeusi, lakini ukiweka sarafu ya shaba yenye unga wa kijani kwenye sanduku hilo hilo, umejitakia.

Wengine wangeipeleka ifungwe kwenye kasha gumu la plastiki lililoandikwa daraja la ubora wa sarafu. Ni kinga nzuri, sibishi. Ila nimeinunua niishike.

Kitu kimoja wanaoanza hukitupa: kikaratasi kinachokuja na sarafu. Changu kina mwandiko wa mmiliki wa zamani, wino umefifia. Nimekiweka kwenye kifuko chake peke yake, kwa sababu karatasi kuukuu huwa na asidi, lakini nakilinda kama sarafu yenyewe. Tangu mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni, swali la kitu cha kale kimetoka wapi na lini limezidi kuwa zito, na karatasi inayoonyesha kilikuwa mikononi mwa watu miaka mingi iliyopita ndiyo jibu.

Nami nimeongeza kadi yangu: gramu 3.21, kipenyo milimita 18, vichwa vya pande mbili vinaelekea wapi, namba yake kutoka OCRE, hifadhidata ya bure ya sarafu za Dola ya Roma iliyoko mtandaoni. Nimechora pia ufa mdogo ulio ukingoni nyuma ya shingo, nikaupiga picha ukiwa na rula pembeni. Nadhani ulitokea siku ile ile ya kugongwa, kipande kilipotanuka chini ya nyundo. Mwakani nitaupiga tena, taa ile ile na pembe ile ile, nizilinganishe.